Kwenye ramani ya nyumba, mbwa naye atengewe pa kulia

Mhariri salaam,

Ukurasa wenu wa ujenzi mi siukosi, mageti, makabati ya jikoni, marumaru, vyote nishasoma humo, ila sijawahi kuona hata mstari mmoja kuhusu sehemu ya kulishia mbwa, na huku kwetu Kimara nyumba nyingi tu zina mbwa wa ulinzi. Naomba mliandike hili maana sisi lilitukuta.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, ana miaka 4, alikuja likizo. Jioni moja kaenda bombani kunawa mikono, na sufuria la mbwa siku zote lilikuwa hapohapo kati ya bomba na mlango wa jikoni, mbwa anakula, mtoto kapita nyuma yake kamshika mgongo, kang'atwa mkono. Tukaosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15 nzima huku analia, halafu mbio hospitali kwa sindano za kichaa cha mbwa, na zile hazichomwi mara moja ukamaliza, unarudi tena na tena.

Kila mtu akasema mbwa auawe. Tumekaa naye miaka 6 hajawahi kumgusa mtu. Daktari wa mifugo alipokuja swali lake la kwanza likawa, huyu anakulia wapi? Nikampeleka, akasimama pale kama dakika tano akihesabu watu wanaopita, dada na ndoo, watoto na mpira, akasema mama, hata wewe ungekula hapa usingekula kwa amani.

Na kweli pale palikuwa na mengine tulishayazoea. Ugali ukibaki usiku panya wanamalizia, asubuhi unakuta vinyesi vyao vyeusi pembeni ya sufuria na sisimizi wamepanga mstari mpaka jikoni. Mnakumbuka homa ya mgunda kule Ruangwa, Lindi, 2022? Ugonjwa ule unaenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na mbwa naye anaugua. Halafu kuna jirani yetu, mama mtu mzima, tunachota bomba moja, kila mbwa akiramba ndoo yake bibi wa watu anaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama dini yake inavyomtaka, na hakuwahi kutugombeza. Hilo liliniuma sana.

Basi fundi wa mtaani katutengenezea. Kona ya nyuma, mbali na bomba na njia ya watu, chini ya paa lililochomoza ili mvua na jua la mchana visifike. Mfuko mmoja wa simenti tu, sakafu imelazwa kidogo maji yaende kwenye mfereji, ukimwaga ndoo inakauka. Mbwa anakaa na ukuta nyuma yake, anaona kila anayekuja. Bakuli la chakula ni la chuma, linakaa ndani ya karai lenye maji kidogo, sisimizi hawavuki. Maji ya kunywa yako kwenye chungu kizito hawezi kukipindua, siyo lile dumu tulilokata lililokuwa linaota ukijani juani. Akishakula nusu saa bakuli linatolewa linaoshwa, panya hawakuti kitu. Wenye mbwa wawili wawawekee kona mbili wasionane wakati wa kula, hapo ndo ugomvi mwingi unapoanzia.

Ninachoomba mhariri, siku moja mtoe mchoro wa hiyo kona na vipimo vyake, mtu aukate gazetini ampelekee fundi wakati nyumba bado iko kwenye msingi, maana sisi ilibidi tuvunje pevingi mpya kupitisha mfereji. Na wale wanaojenga nyumba za kupanga zenye bomba moja la wote, hao ndo wauone kwanza.

Msomaji wenu,
Kimara, Dar es Salaam