Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: anga letu lipimwe baada ya Magharibi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mpimaji ardhi, rubani wa droni na nahodha wa boti wote wanaitegemea GPS. Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba viko karibu na ukanda wa ionosfia (tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme) unaorundikana elektroni, takriban digrii 15 kusini ya ikweta ya sumaku, yaani mstari wa kati wa sumaku ya dunia, inayopita Ethiopia. Jua likishazama, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, mapovu yenye elektroni chache huibuka chini ya tabaka hilo na kupanda. Mawimbi ya setilaiti yanayopita humo humeremeta kama nyota, na kipokezi hupoteza setilaiti hata kama mbingu ni nyeupe.

Tunaambiwa vipokezi vya masafa mawili, yaani vinavyopokea mawimbi ya frikwensi mbili kutoka kila setilaiti, vinatosha. Havitoshi. Vinasahihisha ucheleweshaji wa mawimbi, lakini wimbi likishakatika hakuna cha kusahihisha.

Tunaomba vituo viwili, Unguja na Pemba. Kipokezi kisome nguvu za mawimbi mara 50 kwa sekunde, na kila dakika kitoe kipimo cha S4: mchepuko wa nguvu hizo, yaani kiasi zinavyoyumba, ukigawanywa kwa wastani wake. Kikivuka 0.3, wahusika wakae macho, kikivuka 0.6, onyo liende bandarini, viwanja vya ndege na kwa wapimaji. Setilaiti zilizo chini ya digrii 30 kutoka upeo wa macho ziachwe.

Adui mkubwa ni bati. Wimbi likigonga paa na kurudi, S4 hupanda vilevile, na kituo kitapiga kelele bure. Setilaiti za GPS hurudia njia zao kila siku takriban dakika 4 mapema kuliko jana. Kwa hiyo mtikisiko unaojirudia kwa mwendo huo ni wa paa, si wa anga. Unaoonekana kituo kimoja tu nao utiliwe shaka.

Betri ihimili kuanzia saa 12 jioni hadi saa 7 usiku, kwani umeme ukikatika saa hizo kituo hakina maana. Viungio vya waya wa antena vizungushiwe tepu ya mpira, chumvi isivile.

Kabla ya kununua chochote, mafaili ya kila sekunde 30 ya kipokezi chochote cha kudumu cha masafa mawili yanatosha kukokotoa ROTI, yaani kutotulia kwa kasi ya kubadilika kwa idadi ya elektroni ndani ya dakika 5. Ikizidi 0.5, ni dalili kuwa mapovu yapo. Tunaomba Wizara ituruhusu kuyasoma mafaili yaliyomo katika ofisi za Serikali, kazi ianze kabla ya Septemba.

Wapimaji ardhi na marubani wa droni, Unguja na Pemba