Viatu vya mlimani vichukue mapema, jaketi linaweza kungoja

Wateja wengi wa duka letu la kukodisha vifaa vya mlimani, hapa Mombasa, hutujia Alhamisi jioni ilhali Ijumaa alfajiri wanapanda gari la Voi na Taveta kuelekea Moshi. Wameshalipia siku saba za Kilimanjaro, likizo kazini wameipata, na orodha ya vifaa waliyotumiwa na kampuni ya safari iko kwenye simu. Jaketi, suruali ya mvua, mfuko wa kulalia, tochi ya kichwani, glavu: hivyo vyote tunavitoa kwa nusu saa na mtu anaondoka ametosheka. Viatu ndivyo hutunyima raha. Tunaomba mje kwa ajili ya viatu wiki mbili kabla ya safari, na hapa tunaeleza kwa nini.

Kuna kwanza viatu vya kabatini. Mtu hutuambia, "Vya miguuni ninavyo, aliniachia mjomba, havijavaliwa hata mara tano." Tunamwomba avilete tuvitazame. Kati ya soli ngumu ya chini na ngozi ya juu mna tabaka la povu, mara nyingi la poliyurethani, na povu hilo huliwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimekaa tu. Mombasa joto na unyevu tunao mwaka mzima, kwa hiyo kiatu huoza ndani huku nje kinang'aa. Bonyeza kwa kidole gumba pale juu ya kisigino, kisha ukikunje kiatu. Ukiona nyufa kama za udongo uliokauka, au vumbi likidondoka, usikipeleke mlimani.

Haya yalinipata mwenyewe. Ilikuwa Mlima Kenya, njia ya Sirimon, siku ya pili, tumeondoka kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300 hivi. Soli ya kulia ikaachia kisiginoni, ikawa yapiga chini kama ndara. Haikupita saa nzima, ya kushoto nayo ikafuata. Kiongozi wetu alipiga magoti kwenye matope akazifunga kwa kamba ya hema, mizunguko mitatu kila mguu, na kamba ikakatwa na mawe mara mbili kabla hatujafika kambi ya Shipton. Wenzangu walipoondoka usiku kwenda kilele cha Lenana, mita 4,985, nilibaki mlangoni nikitazama tochi zao zikipanda moja baada ya nyingine. Viatu vile vilikuwa vimekaa miaka sita kwenye boksi, juu ya kabati, Kisauni.

Halafu kuna kiatu kizima kisichokutosha. Watu huogopa kupanda, lakini kucha huharibika wakati wa kushuka. Anayeshuka kwa njia ya Mweka hutoka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, na usiku huohuo hulala kambini kwenye mita kama 3,100. Ni karibu mita 2,800 za kuteremka kwa siku moja, na kila hatua vidole vinasukumwa mbele. Kwa hiyo njoo jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi ya mchana. Vaa soksi nene utakazovaa huko. Tutakushusha ngazi za jengo letu mara kadhaa, haraka haraka. Kidole kikigusa mbele hata kidogo, tunapanda saizi. Ukiridhika, nenda navyo nyumbani, uvitembeze sokoni, barabarani, kazini ukiruhusiwa. Hizo wiki mbili hatuzihesabu: unalipa siku za mlimani peke yake. Kikikuchubua, unarudi na tunabadilisha.

Mwezi uliopita dada mmoja alikuja kuulizia skii na ubao wa theluji, anakwenda Austria wiki nzima na familia ya mumewe. Tulimwambia ukweli kwamba hivyo akodi hukohuko. Vifungio vya skii hurekebishwa kulingana na uzito wa mtu, uzoefu wake na urefu wa soli ya buti. Vikikaza kupita kiasi haviachii anapoanguka, na goti ndilo linaloumia. Isitoshe, buti likimbana siku ya pili, duka la kukodisha liko palepale chini ya mteremko, anabadilishiwa. Kwetu alichukua jaketi, suruali na nguo za ndani za sufu. Mpanda Kilimanjaro hana bahati hiyo. Ukishapita geti la Machame hakuna duka, kwa hiyo mabadiliko yote yafanyike huku.

Juu ya baridi nitasema machache. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na usiku wa kileleni mara nyingi hufika nyuzi 10 chini ya sifuri, wakati mwingine karibu 20. Ukijaribu jaketi letu Januari, kaskazi imepamba moto na feni haitoshi, utalikataa kwa unene. Usilikatae. Fulana za pamba ziache nyumbani, maana hushika jasho na kukugandisha. Chupa ya maji usiku wa kilele ibebe kichwa chini, kwani maji huanza kuganda juu, na mdomo ukiziba hunywi.

Kwenye mfuko wa kulalia soma namba mbili za lebo. Namba inayokuhusu ni ile ya kulala kwa starehe. Ile ya chini zaidi ni ya mpaka wa kuvumilia. Yetu ya manyoya ya bata huning'inia wazi mwaka mzima, haikunjwi. Ukitaka kupunguza mzigo, kodi mfuko Moshi, hatutanuna, ila ukague zipu yote kabla hujalipa. Viatu usiviachie bahati ya Moshi.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, hivyo nguo zako tutazifunga kwenye mifuko ya turubai isiyopitisha maji, usije ukapekuliwa mpakani Holili ukabaki na nguo mkononi.

Ukirudi, tafadhali usifue chochote. Mama mmoja mwema alitufulia mfuko wa kulalia kwa sabuni ya unga akauanika juani, na manyoya yakashikana madonge kama ugali uliopoa, hatukuweza kuuokoa. Lete vitu na vumbi lake, hata vikiwa vimelowa. Gari la Taveta likichelewa, tupigie tu, tutakungoja.