Wanangu mnaohamia Dar, mnapanga chumba au mnapanga mtaa?

Wanangu,

Salaam kwenu nyote mlioitwa kazini Dar es Salaam, mnaokuja kusoma, mnaokuja kutafuta, na mlioolewa huku. Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha, kwa sababu hasira yenyewe ni kwa ajili yenu.

Masika iliyopita kijana mmoja, mhasibu aliyeajiriwa juzijuzi, mtu wa Singida, alitoka kwenye nyumba ya bondeni nyuma ya mtaa wetu hapa Tabata na godoro kichwani, maji yakimfika mapajani. Friji alilokuwa bado analilipia liliachwa linaelea sebuleni. Kodi alishalipa ya mwaka mzima. Alilipa mwezi wa nane, wakati bonde limekauka na watoto wanacheza chandimu katikati ya mto. Nyumba aliiona kwenye simu, dalali akampeleka Jumapili mchana, akatazama jipsamu, akatazama tailizi, akafungua bomba la jikoni, maji yakatoka, akatoa pesa. Usiku akahamia na kirikuu, kile kigari cha mizigo. Hakugonga mlango wa mtu yeyote.

Mtaa mzima unaijua nyumba ile. Hata mtoto wa darasa la tatu angemwambia. Ila mtoto wa darasa la tatu hakuulizwa.

Hili ndilo linalonikera. Mmesoma, mna simu zinazojua kila kitu, lakini mnapanga chumba kana kwamba chumba kimening'inia hewani. Mnauliza kina masta? Kina fensi? Kuna paving nje? Wanangu, chumba ndicho kitu cha mwisho kukitazama. Chumba kibaya kwenye mtaa mzuri utapiga rangi, utaweka neti, utaishi. Chumba kizuri kwenye mtaa mbaya hakirekebishiki.

Nianze na maji, na mnivumilie, kwenye maji nitakaa.

Dar ni mji wa mabonde. Msimbazi unatoka huko milima ya Pugu, unapita katikati yetu, unamwaga baharini karibu na daraja la Selander. Na si peke yake. Kuna Mto Ng'ombe unaokatiza Manzese na Tandale, kuna Mto Tegeta, kuna Kizinga na Mzinga upande wa Temeke, na kuna vijito vingi ambavyo mgeni huviona ni mitaro tu. Desemba 2011 mvua ilinyesha hadi watu wakaokolewa juu ya mapaa, na serikali ikawahamishia wengine Mabwepande, pembezoni mwa mji. Desemba 2015 matingatinga yakashuka Mkwajuni na kubomoa nyumba za bondeni. Kila mtu aliona, magazeti yaliandika. Baada ya miaka michache watu wamesahau, na dalali anaonyesha nyumba huku akisema "hapa pana upepo mzuri". Ni kweli pana upepo. Bondeni huwa pana upepo.

Nisiwaonee nyinyi peke yenu. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa wapi? Jangwani, palepale maji yanapopita, na mabasi yakazama ndani ya maji. Ikiwa wenye wahandisi na ramani walilaza mabasi bondeni, kijana wa Singida mwenye begi na cheti nitamlaumu kwa kiasi gani? Nitamlaumu kidogo. Lakini nitamlaumu, kwa sababu serikali ikikosea inanunua mabasi mengine, wewe ukikosea unalala kwa rafiki.

Sasa sikilizeni namna ya kuuliza. Usiende mtaani ukauliza "hapa panafurika?" Watakujibu hapana. Hakuna mtu anayetangaza aibu ya kwao kwa mgeni, na mwenye nyumba ni jirani yao, watakutana naye msikitini na kwenye kamati ya msiba. Nenda kijiwe cha bodaboda, au kaa kwa mama anayekaanga maandazi asubuhi, nunua chai, kisha uliza: "Mvua ikinyesha, huku mnapitia wapi?" Basi. Hapo watakufungukia bila kujua wamekufungukia. Mmoja atasema tunazunguka kule juu kwa mangi mwenye duka. Mwingine atasema pale darajani hatupiti, mwaka ule bajaji ilichukuliwa. Utajua kila kitu, na hujamsema mwenye nyumba wa mtu.

Macho nayo yafanye kazi. Tazama vizingiti vya milango: vikijengewa matofali mawili matatu kwenda juu, hayo si mapambo. Tazama kama ukuta umepakwa rangi nzito ya mafuta kuanzia chini hadi kiunoni, na juu rangi ya kawaida. Tazama vyoo vya jirani: mtaa ambao choo cha shimo kimeinuliwa na unapanda ngazi kuingia, maji ya ardhini yako karibu. Tazama nini kimejiotea uani. Magimbi yakistawi bila mtu kuyamwagilia, ondoka. Rudi usiku usikilize vyura.

Na choo nimekitaja kwa sababu. Kuna watu, nawaambia bila kuuma maneno, wanaosubiri mvua kubwa ndiyo watapishe vyoo vyao, uchafu uende na maji kwa wa chini. Nani huyo wa chini? Ni mpangaji mgeni. Kipindupindu cha 2015 hakikuletwa na upepo. Tunajenga kuta kuelekeza maji kwa jirani, tunamwaga kifusi kwenye mkondo ili tupate kiwanja, halafu mvua ikija tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu ameumba mto. Kifusi tumemwaga sisi.

Kuna maeneo yaliyopimwa vizuri. Sinza na Kijitonyama zilipangwa miaka ya 1970 kwa viwanja vyenye huduma, na mpaka leo ukitembea unaona mtaa umenyooka, gari la wagonjwa linapita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mradi wa viwanja elfu ishirini, watu wakapata huko Kibada, Toangoma, Buyuni. Lakini mji haukusubiri wapimaji. Sensa ya 2012 ilitukuta zaidi ya milioni nne, ya 2022 ikatukuta zaidi ya milioni tano. Hao wote wamelala mahali fulani, na wengi hawakulala kwenye kiwanja kilichopimwa.

Nikiwa mtu wa reli, mniruhusu neno la usafiri. Mimi nimestaafu kwenye behewa, na najua kuwa umbali wa Dar haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa saa ya kutoka nyumbani. Kodi ya Chanika au Bunju inapendeza, lakini kama kazi iko Posta, katikati ya mji, kabla hujalipa fanya hivi: siku ya Jumatatu, si Jumapili, amka huko unakotaka kuhamia na uende kazini kwa usafiri utakaoutumia. Hesabu bodaboda ya kukutoa ndani hadi barabarani, hesabu daladala ya kwanza, hesabu ya pili. Jioni rudi hivyo hivyo. Vijana wengi wanahesabu kodi na kusahau nauli, na wanasahau mwili, maana anayeamka saa kumi alfajiri kila siku anazeeka haraka.

Mwendokasi ulipoanza 2016 wote mlikimbilia Kimara, kodi za Kimara zikapanda, na sasa nendeni mkaone foleni ya kituoni Kimara Mwisho asubuhi. Kigamboni ina bahari na ina nafasi, lakini utavuka kwa pantoni au kwa daraja lenye tozo, kwa hiyo jua ratiba na mfuko wako. Treni ya mjini, ile watu waliyoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilipoanza 2012 wengi waliicheka, ila waliopanga karibu na kituo chake hawakucheka. Na tangu Juni 2024 treni ya umeme inafika Morogoro. Nimesikia vijana wanasema watalala Morogoro na kufanya kazi Dar. Kwanza nendeni mkahesabu.

Karibu na barabara kuu pana raha yake na pana alama ya X, ile ya nyumba ya kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Morogoro Road, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi, na wapangaji walifukuzwa na vumbi sawa na wenye nyumba, ila wenye nyumba walikuwa na mahali pa kulalamika. Ukiona nyumba nzuri, kodi ndogo, mita chache kutoka lami, muulize mwenyekiti wa mtaa kuhusu hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara. Vivyo hivyo kwa reli. Hifadhi ya reli si uwanja wa bure, nimewaambia watu hivyo maisha yangu yote.

Mengine nayataja tu. Maji ya bomba yanatoka siku zipi, na kama ni kisima, yaonje, maana mengi ni ya chumvi. Novemba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, mji mzima uliingia kwenye mgao, na aliyekuwa na simtank alilala usingizi. Mita ya umeme, ya LUKU, iwe yako peke yako. Jua hospitali ya karibu, Amana, Temeke au Mwananyamala, na usiku unafikaje. Nenda mtaani Ijumaa saa tano usiku usikilize baa, spika za mkesha na vigodoro, zile ngoma za usiku kucha. Binti, tembea njia ya kutoka kituoni hadi mlangoni baada ya isha, tena usiende na dalali.

Na huyu dalali. Anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kukufungulia geti, na siku hizi anataka malipo hata ya kukuonyesha. Simchukii, naye ana watoto. Lakini yeye halali pale. Anayenikera zaidi ni mwenye nyumba anayedai miezi sita au mwaka kwa mkupuo kutoka kwa mtu ambaye mshahara wake wa kwanza haujaingia. Hiyo kodi ya mwaka ndiyo inayomfanya kijana ashindwe kukimbia hata maji yanapoingia chumbani. Tumeizoea hadi tunaiona ni sheria ya maumbile. Pigania mitatu. Ukikosa, kaa kwanza kwa shangazi, kwa rafiki wa kijijini, kwenye chumba kimoja cha uswahilini, uujue mji. Hakuna aibu. Aibu mliyoileta ni ya kutaka mpige picha na sofa wiki ya kwanza.

Najua pia mnavyoogopa, wanangu. Najua Jumapili ya Dar ilivyo ndefu kwa mtu asiye na ndugu. Kwa hiyo ukishahamia, nenda kwa mjumbe na barua yako ya utambulisho, mwambie jina lako na kwenu. Salimia wa kushoto na wa kulia. Siku ya msiba weka kiti na ukae, hata kama marehemu humjui. Siku hizi kila mtu amejifungia na geti lake, mtu anaugua siku tatu na jirani anadhani amesafiri. Yule mhasibu alipotoka na godoro, walioingia majini kumsaidia ni watu ambao hakuwahi kuwaamkia. Sasa anaishi huku juu, chumba kimoja, na ananiamkia kila asubuhi hadi nachoka.

Anayeitaka Tabata aje Jumamosi baada ya alasiri, nitamzungusha mwenyewe na sitamdai kitu. Anayekwenda kwingine atafute mzee wa huko, wapo, wengi wetu hatuna kazi. Na dalali akikuambia kuna mtu mwingine anakuja kulipia nyumba hiyohiyo jioni hii, mwache alipie.

Ni mimi babu yenu,
Mstaafu wa reli, Tabata