Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Waanikaji na Wauza Dagaa, Kibirizi, Kigoma

Ndugu wanachama, mama zangu, dada zangu, na kaka wachache mnaotuvumilia,

Ya biashara nitayapitia haraka, kwa kuwa mweka hazina atasoma mahesabu yote. Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, vichanja vikabaki vitupu, marejesho ya mikopo yakasuasua. Lilipofunguliwa tulirudi kazini na wengi mmeshalipa. Ambao bado wanajijua, na kamati inawajua.

Lililonikalisha macho mwaka huu ni saratani ya matiti. Imeingia ndani ya umoja wetu na kutuonyesha tundu kwenye katiba yetu, ambalo naomba tulizibe leo.

Mwenzetu mmoja, aliyeniruhusu nisimulie bila kumtaja, aligusa uvimbe mgumu kwenye titi la kushoto akiwa anaoga. Kwa kuwa haukuuma, akaukanda kwa mawese ya moto na kuendelea kuanika. Hapo ndipo wengi tunaponaswa: saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni. Alipokuja kusema, ngozi ilikuwa imeanza kuwa na vitundu kama ganda la chungwa na chuchu imevutwa ndani.

Ziwa likiwa limefungwa tulimwalika muuguzi, na mahudhurio yalikuwa makubwa kuliko ya vikao vya mikopo. Wengi tulikuja tukidhani huu ni ugonjwa wa ukoo fulani. Kumbe wanaorithi ni kama watano hadi kumi tu katika kila wagonjwa mia, na karibu nusu ya wanaougua hawana sababu inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake waliovuka miaka 40. Pombe huongeza hatari, na unene baada ya kukoma hedhi pia. Kunyonyesha hupunguza, lakini hakumpi mtu kinga kamili. Mwenzetu huyo amenyonyesha watoto sita. Wanaume nao huugua, ingawa hawafiki mmoja katika wagonjwa mia. Na zile noti na simu tunazobana kwenye sidiria hazijathibitika kuleta saratani. Zinaleta vibaka.

Tuliuliza kama inatosha kila mtu ajipapase nyumbani. Muuguzi alitujibu kwa mifano miwili. Huko Shanghai, wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo walishiriki utafiti, nusu yao wakafundishwa kujichunguza. Matokeo yaliyotolewa 2002 yalionyesha kuwa vifo havikupungua. Mumbai walifanya tofauti: wahudumu waliofunzwa walipima matiti kwa mikono kila baada ya miaka miwili, na baada ya ufuatiliaji wa miaka 20, vifo vya wenye miaka 50 na zaidi vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo zoea titi lako ili ujue likibadilika, lakini ukifika kliniki kwa jambo lolote, mwombe mhudumu akupime. Likionekana jambo, utapigwa picha, kisha itachukuliwa nyama kidogo kwa sindano na kupelekwa maabara. Hiyo nyama ndiyo inayotoa jibu. Maneno ya sokoni kwamba sindano au kisu kinausambaza ugonjwa tuyaache hukohuko.

Sasa katiba. Mwanachama akifa, mfuko wa maafa unatoa fedha siku hiyohiyo. Mwenzetu alipohitaji nauli ya kwenda kufanyiwa vipimo, kifungu kilitaka mgonjwa awe “amelazwa”. Hakuwa amelazwa, maana hata jibu hakuwa nalo. Tukasubiri kikao cha mwezi, kikakosa akidi, tukasubiri kingine. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba tangu mgonjwa afike kituo cha afya hadi ajue anaumwa nini zisipite siku 60. Sisi tulizila nyingi kwa utaratibu wetu wenyewe.

Matibabu yake yamekuwa upasuaji, kisha dawa za dripu kila baada ya wiki tatu, kisha mionzi. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa, na kutoka hapa ni hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mtu haendi na kurudi kila siku, anahitaji pa kulala na wa kumsindikiza. Sasa anameza kila siku kidonge cha tamoksifeni, dawa inayozuia homoni isiichochee saratani, na ataendelea kwa miaka mitano au zaidi hata akijisikia mzima.

Kazini amerudi, ila mkono wa kushoto ulikuwa haufiki kwenye kichanja cha juu. Kila asubuhi husimama mbele ya ukuta wa stoo, anatambaza vidole kupanda juu, na alipofika anachora mstari wa chaki. Msifute ile mistari. Pia, kwa kuwa alitolewa tezi za kwapani, mkono huo unaweza kuvimba ukipata jeraha lenye maambukizi. Mwiba wa samaki mgebuka kwake si jambo dogo tena, hivyo kamati imemnunulia glavu na kumhamishia kwenye mizani.

Hoja yangu: neno “amelazwa” lifutwe, na nauli na malazi ya vipimo, kwa mgonjwa na msindikizaji, vilipwe kwa saini tatu za viongozi bila kusubiri kikao. Nimewasikia wanaosema mfuko utaisha. Huenda ukapungua, na ikibidi ada ya mwezi ipande. Mimi naona ni afadhali hivyo.

Kura itakuwa ya siri, mara baada ya taarifa ya mweka hazina. Mwenzetu yumo humu ukumbini na amekubali kujibu maswali ya matibabu. Pole amesema zimemtosha.

Naomba kuwasilisha.