Ukubwa wa tetemeko unaotangazwa mwanzo uchapishwe kwa tahadhari

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe rai kuhusu namna magazeti yetu, hili lako likiwamo, yanavyoripoti matetemeko makubwa ya ardhi yanayotokea upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Kila yanapotokea, msomaji hupewa namba moja ya "kipimo cha Rikta", idadi ya waliofariki, na mara nyingi sentensi ya kumtuliza kwamba Afrika Mashariki iko mbali. Namba hiyo huandikwa kana kwamba imesomwa kwenye mizani ya dukani, ilhali kwa matetemeko ya aina hii namba ya saa ya kwanza huweza kuwa pungufu sana, na upungufu huo ndio unaogusa usalama wa watu wa pwani.

Matetemeko yote yaliyopimwa kwa vyombo na kufikia ukubwa wa 9 au zaidi, likiwamo lile la Chile la Mei 22, 1960 lililofikia 9.5, yametokea mahali ambapo bamba moja la gamba la dunia linazama chini ya jingine. Mabamba hayo husogea sentimita chache tu kwa mwaka, lakini yanapokutana hukwama kwa miaka mingi, pengine karne kadhaa, huku ukingo wa bamba la juu ukiburutwa chini kidogo kidogo. Siku mkwamo huo unapoachia, ukingo hufyatuka na kuinua sakafu ya bahari pamoja na maji yote yaliyo juu yake, na hapo tsunami huzaliwa.

Sisi tumezoea matetemeko ya Bonde la Ufa, ambayo ni ya namna nyingine kabisa. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba, lakini mpasuko wenyewe chini ya ardhi ulikuwa wa kilomita chache na ulikwisha ndani ya sekunde, kwa hiyo makadirio ya mwanzo hayakuwa mbali na ya mwisho. Nadhani mazoea hayo ndiyo yanayotufanya tuamini namba ya kwanza popote tuionapo.

Tuangalie yaliyotokea Desemba 26, 2004. Mwamba ulianza kupasuka karibu na ncha ya kaskazini-magharibi ya Sumatra, kabla kidogo ya saa kumi alfajiri kwa saa za kwetu, na mpasuko ukakimbia kuelekea kaskazini hadi visiwa vya Andaman, umbali wa kilomita zipatazo 1,300, kwa muda wa dakika nane hadi kumi. Mawimbi ya mtetemo yaliyopita ndani ya dunia yaliifikia Afrika Mashariki katika dakika kumi hivi. Kituo cha tahadhari ya tsunami cha Pasifiki kilichoko Hawaii kilitoa taarifa robo saa baada ya tetemeko kuanza, kikitaja ukubwa wa 8.0. Baada ya saa moja hivi kikapandisha hadi 8.5. Ilichukua saa kadhaa kabla wataalamu hawajakaribia 9, na leo kiasi kinachotajwa zaidi ni 9.1. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa macho, lakini kwa nishati tetemeko la 9.1 linalizidi la 8.0 zaidi ya mara 40.

Wataalamu wale hawakuzembea. Mawimbi ya haraka haraka, ambayo ndiyo rahisi kuyapima mapema, hufika mahali yakaacha kuongezeka hata kama mpasuko unaendelea kurefuka, na kipimo cha Rikta, kilichobuniwa mwaka 1935 kwa matetemeko ya kusini mwa California, kina udhaifu huohuo. Ili kuujua ukubwa halisi hapana budi kusubiri mawimbi ya polepole, ambayo wimbi moja huchukua dakika kadhaa kupita, au kutazama kwa vituo vya GPS ardhi imehama kiasi gani.

Japani, yenye vyombo bora kuliko karibu nchi zote, ilikumbwa na jambo lilelile Machi 11, 2011: makadirio ya dakika tatu za mwanzo yalikuwa 7.9, na tahadhari ya kwanza ikataja mawimbi ya mita 6 kwa Miyagi na mita 3 kwa Iwate na Fukushima. Tetemeko lilikuwa la 9.0. Tangu Machi 2013 idara yao ya hali ya hewa haitaji mita katika tahadhari ya kwanza pale tetemeko linapoonekana kuzidi 8. Husema tu kwamba wimbi ni "kubwa mno". Naona huo ni uungwana wa kitaaluma unaofaa kuigwa na vyumba vya habari.

Mwaka ule wa 2004 mawimbi yaliingia kwetu mchana, saa nyingi baada ya redio kutangaza maafa ya Asia. Polisi wa Mombasa waliwahi kuwaondoa watu ufukweni, lakini Tanzania ilipoteza watu kadhaa, na Somalia takriban 300. Siku hizi tahadhari za Bahari ya Hindi hutolewa na vituo vya Australia, India na Indonesia, na hapa nchini hupokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tusisahau pia ukanda wa Makran, kando ya Iran na Pakistan, uliotikisika kwa ukubwa wa 8.1 Novemba 1945. Uko karibu nasi kuliko Sumatra, na kwa ndugu zetu walioko Muscat muda wa kukimbia ungehesabiwa kwa dakika.

Ninachoomba ni kidogo. Namba ya kwanza iandikwe kuwa ni makadirio ya awali, itajwe saa iliyotolewa na kituo kilichoitoa, na kama kitovu kipo Bahari ya Hindi, msomaji aambiwe saa ambayo wimbi lingetarajiwa kufika Tanga au Mtwara. Namba ikibadilika, marekebisho yachapishwe ukurasa uleule iliposomwa ya mwanzo.

Msomaji wako,
Tanga