Barua ya wazi kwa Gavana wetu: tuulizeni mapema

Mheshimiwa Gavana,

Tangazo la kikao cha maoni kuhusu bajeti ya kaunti limebandikwa juzi kwenye ofisi ya chifu. Kikao ni kesho. Tunajua kitakavyokwenda: kitabu cha makadirio kitakuwa cha Kiingereza, nakala chache tu, afisa atayasoma mamilioni kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, karatasi ya mahudhurio itazungushwa pamoja na soda, na kila atakayetia sahihi atahesabiwa kuwa ameshirikishwa. Mama atakayeuliza habari za kisima ataambiwa hoja yake imechukuliwa. Huchukuliwa kila mwaka, sijui hupelekwa wapi.

Lakini shida kubwa, Mheshimiwa, ni kalenda. Makadirio hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, nasi huitwa siku hizo hizo. Miradi yenyewe huwa imeshapangwa kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka uwasilishwe kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Mkituita Aprili, tunakuja kupiga makofi tu.

Njooni Julai, tena muanzie vijijini. Wenzetu wa Kaunti ya Makueni walifanya hivyo: watu hukutana kwanza kijijini kwao, wakapanga wanachotaka, kisha wakachagua wa kuyapeleka madai yao hadi ngazi ya wadi. Mradi ukianza, kamati ya wenyeji huukagua, na mwanakandarasi huhitaji sahihi yao kabla ya kulipwa. Mimi ningeanza kuiga hapo. Sahihi ya mahudhurio haimtishi mtu. Ya malipo ingemfanya hata mwenye tingatinga atusalimie.

Vijana wanapendekeza maoni yatumwe kwa simu. Sawa, mradi ujumbe uwe wa bure, na awepo mtu wa kujibu. Jibu ndilo tunalolikosa zaidi: orodha ya kila ombi, limekubaliwa au limekataliwa, na kwa nini. Hata “pesa hazitoshi” ni jibu.

Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema ugatuzi ni wa kutuwezesha kushiriki katika maamuzi yanayotuhusu. Hakuna haja ya kuunda idara mpya. Msimamizi wa wadi yupo na analipwa. Mpeni mafuta ya pikipiki na ratiba ya vijiji kabla Julai haijaisha.

Wako,
Mlipa ushuru wa soko