Barua kwa Mwanangu Kabla ya Sherehe za Wahitimu

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka Nairobi, sote hatujambo. Oktoba imekaribia, na najua chuo chenu cha Morgan pale Baltimore kinajiandaa kuwapokea wahitimu wake kwa gwaride, bendi na mpira. Sikukatazi kwenda. Chuo kilichoanzishwa mwaka 1867, wakati vijana weusi walipofungiwa milango ya vyuo vingi vya Marekani, kina kila sababu ya kushangilia watu wake wanaporejea, nami nataka uwemo, uwaamkie wazee waliokutangulia.

Ninalokusisitizia ni saa ya kuondoka. Usiku wa Oktoba 3, 2023, Bwana na Bibi Morgan, yaani mfalme na malkia wa wanafunzi, walikuwa wametoka tu kuvikwa mataji, watu wangali nje, risasi zilipofyatuliwa zikawajeruhi vijana 5, wanafunzi 4 miongoni mwao, ambao kwa maelezo ya polisi hawakuwa waliokusudiwa. Mwaka uliofuata, chuo cha Tuskegee, Alabama, kilikuwa katika sherehe zake za 100 za kuwapokea wahitimu, na usiku wa kuamkia Novemba 10 kijana wa miaka 18 ambaye hakuwa mwanafunzi wa hapo aliuawa na watu 16 wakaumia. Kote kuwili shughuli rasmi ya siku ilikuwa imekwisha, umati ukabaki, na hapo hakuna tena mwenyeji anayejua nani kaja na nani.

Kwa hiyo usinung'unikie foleni ya ukaguzi wala kuonyesha kitambulisho langoni. Kuhusu kuzungushia chuo ukuta nasita, maana majirani nao huzihesabu sherehe hizi kuwa zao, na wengi wao hawana kosa lolote. Lakini kukagua mikoba na kuweka askari wa kutosha hadi mtu wa mwisho aondoke, hilo naliunga mkono kwa moyo wote, na kama chama cha wanafunzi kitaulizwa maoni, semeni hivyo bila woga.

Kubalianeni na wenzako, kabla hamjatoka, mahali pa kukutana mkipotezana. Ukisikia watu wanaanza kutukanana, ondoka papo hapo, usisimame kutazama wala kurekodi kwa simu. Shughuli rasmi zikiisha, rudi bwenini, kisha unipigie. Saa tano usiku ya kwenu ni saa kumi na mbili asubuhi huku, nitakuwa nimekwisha kuamka.

Akupendaye,
Mama